Tulioitazama Sinema kwa Nyuma

Harufu ya mahindi makavu ikichanganyika na moshi wa dizeli hunirudisha hadi leo kwenye ghala la mzungu aliyehama, nje kidogo ya Eldoret, miaka ile ya kwanza ya uhuru wazee walipokuwa wakijiunga kununua mashamba. Alasiri moja waliziba madirisha kwa magunia, wakatundika shuka katikati, wakatuletea sinema. Mbele kulikuwa na mabenchi kumi na mawili. Nilihesabu mara mbili, na mara zote mbili hakuna lililokuwa letu. Tukaketi nyuma ya shuka, ambako kila kitu kiligeuka: watu wote wa kwenye sinema walikuwa wa mashoto.

Ilikuwa habari ya vijana wa mji wa mbali, serikali ikipinduka, wao wakirusha mawe. Kaka yangu Kiprono, aliyekuwa ameacha shule, aliikodolea macho. Wiki iliyotangulia aliwazomea wanakamati kwenye mkutano wa shamba, na Baba akaapa kwamba jina lake halitaingia kwenye orodha ya watakaogawiwa ardhi. Orodha ingefungwa siku moja baada ya sinema hiyo. Mama alikuwa amembembeleza Baba mpaka mate yakamkauka, lakini Baba ukimwomba apunguze neno moja, aliongeza mawili.

Kwenye shuka, kijana akarudi kwao akivuja damu, akabisha. Baba yake akatia komeo. Mama yetu, ambaye alikuwa hajawahi kuona sinema, akasimama na kumfokea yule baba wa kwenye shuka: “Wewe Mzee! Si ufungue mlango! Kwani huyo mtoto si wako?” Ghala zima likaangua kicheko. Baba hakucheka, kwani Mama hakuwa na jina lingine la kumwita yeye ila hilo la Mzee. “Mama Kiprono, keti,” akanong'ona. “Nimesikia. Kesho nitamwandikisha.” Mama akamtazama kwa mshangao, kisha, kama mchuuzi aliyetajiwa bei nzuri asiyoitarajia, akaketi upesi.

Kiprono alirusha mawe kwa mkono wa kushoto mwezi mzima, vile alivyoona. Hakulenga kitu, mji ukabaki na vioo vyake.

Siku hizi kila mtu ana sinema yake kiganjani, na hakuna anayeifokea. Kiprono amezeeka kwenye ekari zake upande wa Kiplombe, na juzi alimfukuza mwanawe kwa kwenda kwenye maandamano. Mtoto wa nyoka ni nyoka, nikajisemea, nikamshika kijana mkono, nikaenda naye kwa baba yake. Mlango wa Kiprono una makomeo mawili. Sikubisha. “Mzee,” nikaita, “fungua mlango.” Kisha nikasikia komeo la kwanza likivutwa, nikasimama palepale, nikingoja kuhesabu la pili.