Tulivyojitayarisha kwa Mbogo wa Walikale

Mume wangu alikuwa mlimaji wa maharagwe, lakini ungemwona siku zile anavyopanga mizigo ya kwenda kuwinda msitu wa Walikale, ungesema amezaliwa porini. Wiki tatu nzima nyumba haikuwa na pa kukaa. Kabuti kuukuu la askari lilining'inia juu ya kitanda, linanuka mbwa. Viatu vya misumari vilikaa mlangoni, kimoja kikubwa kuliko mwenzake. Kandili mbili, kamba, mapanga matatu, birika, na mwavuli. Mwavuli, jamani! Nikamuuliza, "Papa, mbogo akikuya, utamufungulia mwavuli?" Akacheka, akaongeza sufuria.

Kelele ilikuwa kazi yangu, sikatai. Tulikaa mlimani karibu na Kingi, mvua ya mwaka ule haikujua kupumzika, magugu yanamaliza shamba, na yeye amekaa anapaka bunduki mafuta. Ilikuwa ile ya kushindilia baruti mdomoni, ya marehemu baba yake, yenye kibali cha Bula Matari, serikali ya Wabelgiji. Kila jirani aliyepita alikuwa na shauri: beba hiki, acha kile. Wote aliwasikiliza. Maneno yangu yaliingia sikio hili yakatokea lile.

Angekwenda peke yake ningenyamaza. Uongo, nisingenyamaza. Lakini alikuwa anakwenda na mdogo wangu, mtoto wa kiume pekee aliyebaki kwa mama. Kijana alikuwa anaoa baada ya mavuno, akataka nyama ya mbogo kwenye karamu, wakwe waone. Mama alitoka kwake Kibabi kwa miguu, akanishika mkono. "Huyu njo mutoto niko naye. Ninamuweka mu mikono yenu. Mumurudishe." Nikamjibu, "Mama, atarudia."

Sasa baruti. Ofisi ya serikali, ile ya teritwari, iliitoa kwa kipimo, kidogo tu, hata ya kujaribia haikuwamo. Mume wangu akatafuta kopo la biskuti la wazungu, lenye kifuniko cha kubana, akataka kuiweka humo na kuziba ukingo kwa nta. Hapo nikachoka kabisa. Nyumba inavuja, kuta zinatoa maji, na yeye anaamini kopo! "Kopo itafanya kutu," nikamwambia. "Sisi mbegu yetu tunawekaka wapi?" Nilitaka asikie neno langu hata moja.

Kwetu mbegu ya maharagwe hulala chunguni, ndani ya majivu, na mdudu haigusi mpaka siku ya kupanda. Basi nikaifunga baruti kwa vitambaa, mafungu mawili, nikayazika ndani ya chungu cha majivu, nikaziba mdomo kwa majani ya mgomba na udongo. Kopo lake nikalitia chumvi. Tena nikamkataza kuchungulia, kwa sababu chungu cha mbegu hakifunguliwi kabla ya siku yake. Ndivyo mama alivyonifundisha. Siku ya kuondoka nilitoa fungu moja, nikaliweka kama lilivyo ndani ya kibuyu, la pili likabaki chunguni. "Usifungue mpaka kule porini." Mume wangu akanijibu, "Sawa, Mama." Wakashuka na wabebaji wawili, mwavuli umefungwa juu ya mzigo, na mimi nimesimama uani nasonya.

Walirudi siku ya kumi na mbili. Mdogo wangu alikuwa juu ya machela ya miti, nyonga imepasuliwa na pembe, homa inamchemsha. Wabebaji ndio waliotusimulia. Mbogo aliwatokea karibu mno. Mume wangu akalenga, fataki ya kuwashia ikalia, baruti ikakataa kuwaka. Mdogo wangu alikuwa mbele na mkuki wake. Wenyeji wa Walikale waliokuwa wakiwaongoza ndio waliomwua yule mnyama.

Nilimrukia mume wangu mbele ya watu wote, mama yangu akiwa pale. "Muntu gani wewe? Ulibeba dunia yote, na bunduki inakukatala?"

Akatazama chini. "Kibuyu iliniponyoka kwenye kuvuka muto, ikaingia mu maji. Ni kosa yangu."

Lo, nilimsema! Mama alimsema. Majirani wale wale wa mashauri walimsema. Mdogo wangu alipona, lakini mguu haukunyooka tena, na wakwe wakampa binti yao mtu mwingine. Mama akamwambia mume wangu asimwite mama tena.

Wiki kadhaa zikapita. Siku moja nikafungua chungu kutoa lile fungu la pili. Kitambaa kilikuwa kimelowa. Ndani, baruti ilikuwa imeshikana tope jeusi. Majivu yalikuwa yamevuta maji yote ya nyumba ile na kuinywesha. Nikakaa chini jikoni.

Nikamfuata shambani. "Kibuyu iliingia mu maji kweli?"

"Hapana." Hakuacha kulima. "Nilishindilia mu giza ya miti, vidole vilikufa na baridi, sikusikia kitu. Kisha tu njo nilishika ile yenye kubakia mu kibuyu, ikakuwa matope."

"Na ukanyamaza?"

"Ningesema nini? Yule ni mama yako. Mimi anaweza kunichukia, nitazoea."

Badala ya kumshukuru, hasira ikanipanda, Mungu anisamehe. "Nani alikutuma?" nikapiga kelele mpaka walioko bondeni wakainua vichwa. "Nani alikuomba?" Akapiga jembe chini, akaendelea na mstari wake.

Mama aliishi miaka sita baada ya hapo. Kila Jumapili, tukitoka kanisani, mume wangu alivua kofia akamsalimia, na mama akapita akiangalia pembeni. Mimi nilikuwa katikati yao, nimemshika mama mkono. Kila Jumapili nilisema moyoni, leo nitamwambia habari ya chungu. Tukamzika sijamwambia.