Cornelia Alipokaa Mahali pa Avelina

Zenon, mpiga picha wa Sumbawanga, hakuwa na neno "cheka" kazini kwake. Alikukalisha, akanyamaza, akangoja mpaka usahau kamera. "Uso una kwao," alikuwa akisema. "Uache urudi." Wateja wenye haraka walimnunia, na haki yao; wakati mwingine ungedhani amesinzia. Loth wa video, waliyepanga naye chumba kimoja cha studio, alimwita babu. Kauthar, msafishaji wa picha kwenye kompyuta, alimwambia picha ni ya kumfariji mtu, si ya kumhukumu.

Mwaka jana Mama Bertila alifika kutoka Mpui na binti yake Cornelia. Pacha wa Cornelia, Avelina, alikuwa amefariki, misa ya arobaini imekaribia, na picha yake haikuwepo hata moja. Kila harusi, wenzake wakijipanga mbele ya kamera, Avelina alikuwa jikoni anasonga ugali.

"Mpige huyu, mwanangu," mama alisema. "Atakuwa Avelina."

"Samahani mama, huyu yuko hai."

Kauthar alimvuta pembeni. "Zenon, mama anataka pa kuweka macho tu. Utapungukiwa nini?"

Zenon akakubali. Cornelia alivaa kitenge cha marehemu, akaketi. Angempiga harakaharaka kama Loth, ingetoka picha ya Cornelia mwenye huzuni, yakaisha. Lakini mwenzetu akangoja. Akangoja mno. Kichwa cha binti kikainama kushoto taratibu, midomo ikabana kama ya mtu aliyezoea moshi wa jikoni.

"Amekuja!" mama alilia, akapiga magoti. Zenon alibonyeza kamera.

Kanisani picha ile iliwekwa mbele. Mimi, jirani yao wa studio niliyekwenda nao misani, niliogopa kuitazama, wala sioni aibu kusema.

Baadaye Cornelia alirudi peke yake, amevaa gauni lake mwenyewe. Alisema nyumbani mama anamwita Avelina, anamtuma jikoni, naye anaitika.

"Kaka Zenon, nipige na mimi. Nikamwonyeshe mama kwamba nipo."

Akaketi. Zenon akangoja. Hata Loth aliacha utani.

"Mwambie acheke, basi," Kauthar alinong'ona, machozi yakimlengalenga.

Zenon akatii. "Cheka, Cornelia."

Binti akainamisha kichwa kushoto, akabana midomo.