Chuma Kilichosema kwa Sauti ya Yusufu

Wapo watakaosema nilikuwa na homa. Sikuwa na homa. Nilikuwa nashona, mchana kweupe, hapa hapa mtaani kwetu Rwezamenyo, na Mariamu alikuwepo. Yu hai, mkamuulize.

Ulikuwa mwaka wa tisini na mbili. Vita vilikuwa kaskazini, na sisi mjini tuliishi kwa kutega masikio. Mdogo wangu Yusufu alikuwa utingo wa lori la kwenda Dar es Salaam, na safari hiyo alikawia mno. Mama hali, halali. Lori likinguruma barabarani, tayari yuko nje.

Siku hiyo mimi na Mariamu, mshonaji mwenzangu, tulikuwa barazani na vyerehani vyetu. Mvua ikashuka. Akapanda mwanamke mtu mzima kujikinga, amejitanda kitenge hadi kidevuni. Tukamkaribisha, hakuitikia. Akafungua kiganja tu, akatuonyesha kichuma kidogo kilichopinda mfano wa tundu la ufunguo, katikati kina ulimi mwembamba, nao ni chuma.

"Iko ya cherehani?" Mariamu akaniuliza.

"Cherehani gani iko na kitu kama hii? Labda komeo ya sanduku."

Mwanamke akatikisa kichwa. Akakiegemeza kwenye meno, akaugusa ule ulimi kwa kidole.

Jamani, ule mlio! Nyuki ndani ya kopo. Akipanua mdomo unakuwa mnene, akiubana unakuwa mwembamba, na kidole chake hakitulii. Mariamu akacheka, "Kumbe ni muziki, sha!" Hata mimi mguu ulianza kufuata.

Halafu mlio ukashika maneno.

"Dada, iko chai?"

Ndivyo Yusufu alivyokuwa akisema kila akirudi, hata kabla ya salamu, na kile kithembe chake. Ningeichanganyaje sauti niliyoisikia tangu ikiwa kilio cha mtoto mchanga? Niliruka, kitambaa kikaanguka.

"Yusufu! Uko wapi?"

"Njiani, dada. Lakini naita watu, hakuna mwenye ananisikia."

Mwanamke akakitoa kile chuma mdomoni, akanipa. Kilikuwa na joto, kama mkate. Akaniashiria: piga na wewe. Niamini, nilikuwa nakipeleka kwenye meno yangu. Dada gani asingefanya hivyo?

Mariamu akanipiga mkono. "Wacha! Wacha hiyo kitu!"

Chuma kikalia kwenye sementi. Mwanamke akainama akakiokota, kisha akamgeukia Mariamu na kuachama kama mtu anayetaka kutukana kwa nguvu zake zote. Hakikutoka kitu. Si neno, si mguno, hata pumzi sikuisikia, na nilikuwa karibu naye kuliko nilivyo karibu nawe sasa. Akashuka mvuani. Nikamkimbilia mpaka kona, nikamuuliza muuza duka. "Hapa hakuna mtu amepita, mama," akasema. Njia ile haina pa kuchepukia.

Yusufu alirudi wiki hiyo hiyo. Mzima, hana jeraha. Mama alipiga vigelegele hadi majirani wakatoka. Yusufu akamkumbatia, akafungua mdomo, akatuangalia. Tukadhani anatutania. Akafungua tena, mishipa ya shingo ikamtoka, machozi yakaanza kumshuka, na sauti haikutoka.

Mariamu ndiye aliyemuuliza hali hiyo ilianzia wapi. Yusufu akafanya ishara ya kitenge, akakivuta hadi kidevuni. Kisha akaweka ngumi kwenye meno, na kidole kimoja kikacheza hewani.

Mama, niliyekuwa nimemsimulia yote, alianguka pale pale.

Tumekwenda kwa madaktari, tumesomewa Kurani. Madaktari wanasema koo ni zima. Yusufu sasa ana mke na watoto, na hao watoto hawajawahi kusikia baba yao akiwaita. Mama hadi leo hunikalisha chini nimwigie alivyosema Yusufu siku ile ya mvua, na nikikosea kile kithembe hunirudisha mwanzo. Chai alikuwa anaitaka kweli? Alikuwa na baridi? Nitajuaje?

Wewe unayenisikiliza, mgeni akikuletea kichuma chenye ulimi, akataka ukijaribu mdomoni, usijaribu. Hata kikikuita kwa sauti ya mtu wako. Hasa kikikuita kwa sauti ya mtu wako. Uma meno, ukimbie.