Mzee Asiyetema Mate

Kabla hujaniuliza kama nilikuwa na malaria siku hiyo, nakujibu kabisa: sikuwa nayo. Sikuwa na njaa wala usingizi, na kilevi sijaonja hadi leo. Haya yalinipata mimi mwenyewe, mchana, Ngorongoro. Kama unakula sasa hivi, weka sahani pembeni kwanza.

Ilikuwa miaka ile ya foleni za sabuni. Nilikuwa nasomea ualimu katika chuo cha kanisa, na likizo moja tuliombwa tujitolee kwenda vijijini kufundisha watoto kusoma na kuwapa habari za Bwana. Wenzangu walipelekwa Rhotia na Endabash, kwenye mahindi, maharage na nyumba za bati. Mimi, binti wa Machame niliyelelewa na mama anayefagia hadi njia ya ng'ombe, nikapandishwa lori la kanisa kutoka Karatu mpaka ukingoni mwa kreta, kwenye boma la Wamaasai. Nilikuwa nimemwambia Mungu anitume popote. Jamani, uwe mwangalifu na maneno kama hayo.

Mwenyeji wangu alikuwa mama mzee ambaye wote tulimwita Koko, yaani bibi kwa Kimaasai. Alinipenda tangu siku ya kwanza, na upendo wake ndio ulionitesa. Aliponipokea alitema mate kiganjani, ndipo akanipa mkono. Maziwa aliyonikaribisha yalitoka kwenye kibuyu kilichosafishwa kwa mkojo wa ng'ombe na mkaa. Nzi walitembea usoni mwa watoto na hakuna aliyehangaika kuwafukuza. Nilikuwa na kipande kimoja cha sabuni, na kila jioni nilinawa mikono huku nalia. Ndiyo, nilikuwa mtumishi wa Mungu na nilikuwa na kinyaa. Vyote viwili vilikaa ndani yangu bila kusalimiana.

Kisha Nasieku, mke wa mtoto wa Koko, akajifungua mtoto wa kiume. Alikuwa amezika wawili kabla ya huyo. Mtoto alikuwa dhaifu, ananyonya kidogo na kulala. Kila aliyeingia kumwona alimtemea mate kichwani na kusema, "Mbaya huyu! Mtoto gani huyu?" Ndiyo desturi yao: mtoto hasifiwi, maana sifa huita jicho baya, na jicho huzimwa kwa mate. Mimi nilikaa pembeni, mkono ukiniwasha kukipangusa kile kichwa.

Asubuhi ya siku yenyewe niliwafundisha watoto habari za kipofu aliyeponywa na Bwana. Pale penye mate nilipapita haraka haraka. Lakini binti mmoja aliyewahi kuisikia habari hiyo akawaambia wenzake kwamba Bwana alitema mate chini, akafanya tope, akampaka kipofu machoni. Wakafurahi mno. "Kumbe Yesu ni mtu kama sisi!" Nilikasirika, nakuambia ukweli.

Alasiri ukungu ukapanda kutoka kreta. Kama hujafika kule, ukungu wa ukingo ule huingia hadi mlangoni. Koko na wanawake wengine walikwenda kuteka maji, mifugo ilikuwa bado malishoni, na Nasieku alikuwa amelala fofofo. Nikakaa mlangoni kwenye ngozi ya ng'ombe, mtoto mapajani. Ndipo akatokea mzee.

Shuka lake lilikuwa jekundu, safi kabisa. Usoni hakuwa na nzi hata mmoja. Nikamwamkia, "Shikamoo babu." Hakuitikia. Akakaa kwenye ile ngozi, karibu yangu, akamtazama mtoto, akasema kwa Kiswahili kilichonyooka kuliko changu, "Mtoto mzuri. Mnono. Mzuri sana." Wala hakutema mate. Unajua niliwaza nini? Niliwaza: asante Bwana, hatimaye nimepata mstaarabu mmoja.

Akainama, nikadhani anataka kumbusu. Hapo harufu ikanifikia, ya mzoga uliolala juani. Akafungua mdomo. Niamini, ndani hapakuwa na unyevu hata chembe. Ufizi wake ulikuwa wa kijivu, umepasukapasuka kama kisigino cha mtu anayelima pekupeku. Kumbe nzi wake walikuwa humo ndani, wanatembea. Akatoa ulimi, mrefu na mkavu, akaanza kulamba samli aliyopakwa mtoto utosini. Ulikwaruza kama msasa juu ya ubao.

Nilitaka kupiga kelele, sauti ikagoma. Nikaweka mkono kumkinga mtoto, akaulamba na mkono wangu, taratibu, kuanzia kwenye vidole hadi kiwiko, amefumba macho kama mtu anayeonja mchuzi. Kisha akainuka akaingia kwenye ukungu. Nikageuka pembeni nikatapika.

Mtoto hakulia. Macho yalikuwa wazi, mwili baridi. Nilimwamsha Nasieku, akampa ziwa, hakulishika.

Koko aliporudi alinusa hata kabla hajatua maji.

"Nani amekuja hapa?"

"Mzee mmoja, Koko. Amemsifu mtoto."

"Ametema mate?"

"Hapana."

Alipiga ukelele boma zima likakusanyika. Mwanamke mmoja akanyoosha kidole kwenye ngozi. Pale alipokaa mzee palikuwa na kinyesi cheupe, kikavu, kile cha fisi aliyeshiba mifupa. Pale pale ubavuni kwangu!

Wanawake wakamtemea mtoto mate mmoja mmoja, mpaka kichwa kikalowa. Akabaki vile vile. Koko akanigeukia.

"Mwalimu, wewe ndiyo ulimshika. Yule alikuja mbele yako. Tema."

"Koko, niache niombe kwanza."

"Mimi nimekataza? Omba. Halafu tema."

Nikaomba. Niliomba kwelikweli, pengine kwa mara ya kwanza tangu nipate kipaimara, na kitu pekee kilichonijia kichwani ni yule kipofu na lile tope. Nikainama niteme, mdomo mkavu. Mkavu kama wa yule mzee. Nikaogopa kwamba mate yangu ndiyo aliyoondoka nayo. Nasieku alinishika mguu. Nikajing'ata ulimi kwa nguvu. Mate yakaja na damu, nikamtemea mtoto wa watu usoni, mwili wote ukinisisimka kwa kinyaa.

Mtoto akapiga chafya. Kisha akalia, akalitafuta ziwa. Koko akacheka huku machozi yanamtoka, akanitemea na mimi usoni. Sikupangusa.

Mkono ule alioulamba mzee haujaota tena nywele hadi leo, na siku za ukungu hunuka. Mume wangu anasema hanusi kitu. Mbwa wananusa: wakinikaribia wanarudi kinyumenyume, mkia katikati ya miguu. Nimeusugua kwa ndimu, mchanga, hata mafuta ya taa. Ni mkono wa kulia, kwa hiyo nakula kwa kijiko, hata ugali.

Mtoto yule sasa ni baba wa watu, anaendesha watalii huko huko. Tukikutana Karatu huvua kofia na kuinamisha kichwa mbele ya wageni wake, nami namtemea mate. Wageni hukunja nyuso. Kinyaa chao nakijua, maana mimi bado ninacho. Usidhani nimepona. Natema huku nimekunja uso kama wao, na bado natema.

Basi nawe mwenye mtoto mchanga, nisikilize. Akija mgeni nadhifu, akamsifu mwanao kwa maneno matamu, usitazame nguo zake. Mwambie ateme mate. Akisema hana, mpokonye mtoto haraka.