Jogoo wa Mkwe

Mlima wa kwetu uko juu Kundelungu, mbali na kila barabara. Ukitoka Likasi unapanda lori hadi bonde la Lufira, kisha ni miguu yako na pumzi yako. Mama yangu alikaa huko, na tangu niolewe hakuwa amemwona mume wangu. Siku ya mahari walishuka wajomba. Mama alisema yeye hashuki, mkwe ndiye anayepanda.

Ndivyo ilivyo desturi yetu. Mkwe hali chakula uani kwa mama mkwe mpaka mama mkwe mwenyewe ampikie kuku mzima na kumwekea mbele kwa mikono yake. Akishakula, amekuwa mtoto wa nyumba. Kabla ya hapo ni mgeni tu, hata akizaa watoto kumi.

Nami nilikuwa na haraka, kwa sababu macho ya Mama yalikuwa yanaingia ukungu.

Mume wangu alikuwa fundi katika kiwanda cha kampani ya serikali. Alipopata konje, likizo yake, nilikunja blanketi, maana baridi ya kule inauma, nikafunga chumvi. Loo! Bwana akataka kwanza kostimu, koti na suruali nyeusi, pamoja na tai nyekundu.

"Bakwe bataniona mara ya kwanza moja tu," alisema. "Minye siwezi kufika kule sawa muntu wa kutoka shimoni."

"Mama anaona ukungu," nilimjibu. "Kostimu yako ataiona na macho gani?"

Hakunisikia. Fundi wa kushona alikuwa Kambove, tena mlevi, na konje yote ikaishia mlangoni kwake.

Konje ya pili ilipofika, kostimu ilikuwa tayari, inaning'inia ukutani kama mpangaji. Ndipo serikali ikakataza tai. Ilikuwa imeamuliwa kwamba sisi si Wazungu. Kweli, hilo tulikuwa tunalijua! Askari walikata watu tai barabarani kwa mkasi. Sasa mwanaume wa heshima alitakiwa avae abakosti, koti la kufungwa mpaka shingoni, bila tai.

"Vaa shati, twende," nilisema. "Mlimani hakuna askari, kuna nyani."

"Weye unataka banicheke?"

Akapeleka kitambaa kingine kwa fundi. Likasi yote ilikuwa kwa mafundi wiki zile, kila mume anangojea koti la amri. Tukangoja. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na tumbo lililoumia lilikuwa langu. Nilimchukia mume wangu, nikaichukia na redio ya serikali aliyoitii kila asubuhi.

Kisha mwuza maharagwe wa kwetu akashuka sokoni, akanitafuta, akavua kofia kabla ya kusema. Mama alikuwa amekwisha kuzikwa.

Kwa msiba kampani ilitoa ruhusa palepale. Ukiomba kumwona mtu hai, subiri zamu yako. Ukiomba kuona kaburi, nenda, baba, pole sana.

Tulipanda. Mume wangu alivaa abakosti yake mpya, miiba ikamvuta mikono njia nzima. Juu, mama mdogo wangu, aliyemwuguza Mama, alimtazama kuanzia viatu.

"Ndiye huyu?"

Nikaitikia. Akatuonyesha jogoo mzee aliyefungwa kamba mguuni kwenye nguzo ya jiko.

"Dada alimfuga kwa ajili ya mkwe. Kila kiangazi walikuja wa kumnunua, akakataa. Macho yalipokwisha, alikuwa anampapasa tu, ajue kwamba yupo."

Nililia pale kwa hasira zaidi kuliko kwa huzuni. Mume wangu akainamisha kichwa. "Mama mudogo," alisema polepole, "basi munipikie ninyi."

Mama mdogo akatikisa kichwa. "Wa kukuwekea alikuwa mmoja, baba. Mikono yake iko chini."

Akainama, akamfungua jogoo ile kamba, kisha akaingia ndani kuwapakulia waombolezaji.

Mume wangu alitoka nje ya ua. Akakaa juu ya jiwe, vifungo vyote vimefungwa mpaka shingoni, akala mkate tuliotoka nao Likasi. Sikumfuata. Jogoo alikuwa miguuni pake, akidonoa makombo.