Kijiko Kimoja cha Baruti

Kila ninapofagia maganda ya risasi kwenye klabu ya shabaha ninakofanya kazi hapa Dubai, harufu ya baruti hunirudisha kwenye meza ya baba.

Baba alikuwa mwindaji, na risasi za kiwandani alizidharau. Alisema zimetengenezewa kila bunduki, kwa hiyo haziijui yake. Zilitapakaa ovyo kwenye ubao wa shabaha, wakati matundu ya tano alizotengeneza nyumbani, kwa kujaza upya maganda yaliyotumika, yangefunikwa na kizibo kimoja cha soda.

Kazi ya kumimina baruti ilikuwa yangu, bintiye. Kila ganda lilipata kijiko kimoja, kisizidi, nilichokisawazisha kwa ukingo wa kasha la kiberiti. Siku moja mama aliniita nikaepue maharage. Niliporudi, sikukumbuka kama ganda lililokuwa mbele yangu nilikwisha kulijaza. Shingo yake ilikuwa nyembamba, na ndani giza. Nikalimiminia. Baruti haikumwagika, nikatulia.

"Umeweka kijiko kimoja kimoja, mwanangu?" baba aliuliza, akichukua maganda ayazibe kwa risasi.

"Ndiyo, baba."

Kesho yake porini bunduki ilimpasukia usoni. Wenzake walimrudisha wamembeba kwenye shuka, na tangu siku hiyo hajaona tena.

Jana nilimpigia simu kutoka chumba tunachoishi watu sita, mtaa wa International City. Aliuliza kama nimekula, kisha akarudia maneno yake ya siku zote.

"Baruti ya siku ile ilikuwa mbovu, mwanangu."

"Ndiyo, baba."