Boza la Marijani

Marijani alikwenda Guangzhou kununua suruali za jinzi, akasahau kurudi. Ndivyo alivyopenda kusema mwenyewe, na watu walicheka, kwa sababu Marijani hakuwa mtu wa kusahau kitu. Alianza na kibanda Kariakoo. Akawa anakuja na kuondoka, anakuja na kuondoka, mwisho akachoka na ndege, akapanga chumba barabara ya Huanshi Zhonglu, juu ya mgahawa, akaweka mzani na meza ndefu ya kufungia mizigo. Mgeni wa Dar asiyejua pa kuanzia, Marijani alimpeleka Xintang kwenye viwanda vya jinzi, akampatanishia bei, na marobota yakiisha kufungwa akayasindikiza hadi bandarini Huangpu. Mtu akiugua, aliitwa Marijani. Mtu akifariki, aliitwa Marijani vilevile. Ndiye aliyekwenda kumtambua marehemu, na ndiye aliyekaa na wakubwa wa uwanja wa ndege mpaka jeneza likakubaliwa kupanda.

Hayo ya majeneza hakuyasimulia. Vedasto aliyajua kwa sababu ya mchezo.

Vedasto alikuwa kijana wa Bukoba, msomi wa mambo ya udongo, amekuja kwa ufadhili. Siku ya kwanza alifika pale na mzigo wa kumtumia mama yake, na kwapani kashikilia boksi jingine. Marijani, kwa mazoea ya kazi, akalifungua. Ndani wamelala askari wa plastiki wadogo kama kidole, na vifaru, na malori.

"Mama yako anapigana na nani?" akauliza.

"Hao hawaendi, kaka. Ni mchezo, nimefundishwa na wenzangu wa chuoni. Vita vya jangwani. Kila mtu ana jeshi lake. Unapima askari anatembea umbali gani, halafu unarusha dadu kujua risasi imempata au imemkosa."

"Wewe Mhaya wa migombani, jangwa umeliona wapi?"

"Na wewe wa Temeke?"

"Mimi sijaliona. Ila ninalo."

Akavuta jora la kaki lililokataliwa kiwandani kwa kupauka, akalitandaza juu ya meza ya mizigo. Akamnyang'anya Vedasto mkoba, akatoa vitabu vyake vinene, akavisukumiza chini ya kitambaa. Vikawa vilima vya mchanga. Kisha akavua futi aliyozoea kuining'iniza shingoni, ile ya kupimia viuno vya suruali, akasema, "Haya, profesa. Nifundishe kupigana."

Tangu hapo, kila Jumapili alasiri Vedasto akitoka misani alielekea Huanshi Zhonglu. Baadaye alimleta Khalid, Mzanzibari aliyekuwa akisomea udaktari, mtu wa maneno mengi na bahati mbaya ya dadu. Vijana hao wawili walikuwa upande mmoja, Marijani peke yake upande wa pili, na bado aliwasumbua. Risasi ya Khalid ikikosa, Marijani alitikisa kichwa kama muuza duka wa Kichina aliyeulizwa saizi asiyokuwa nayo: "Meiyou, laoban. Hakuna, bosi. Jaribu duka la pili."

Kati ya malori yale kulikuwa na moja lenye tangi. Maelekezo ya mchezo yalisema ni la mafuta. Marijani akakataa. "Hili ni boza la maji. Jangwani ukiwa na mafuta bila maji, gari litafika, wewe hufiki." Akaliwekea sheria yake: jeshi lililo mbali na boza haliendi popote. Dereva wake alimpaka rangi kwa mkono, akamvisha suruali ya jinzi. Katika vita vyote vile, askari wake waliisha mara nyingi. Dereva wa boza hakuguswa hata siku moja. Alimkinga kwa vifaru, kwa vilima, mara nyingine kwa maneno tu.

Jumapili moja Khalid alibahatika. Dadu zikamwangukia vizuri, akamnyooshea kidole askari wa Marijani. "Kafa huyo."

Marijani akamchukua yule askari, akamlaza kiganjani. "Humu ndani hatusemi kafa."

"Tuseme nini, mjomba?"

"Sema amerudi nyumbani."

Khalid alicheka, halafu akaona anacheka peke yake. Ni baadaye ndipo Vedasto alipoambiwa na wafanyabiashara kwamba juu ya meza ileile Marijani alifunga nguo na viatu vya Abeli, kijana aliyefia ugenini, kabla ya kumsindikiza uwanja wa ndege. Basi neno likakaa. Wawili wamerudi nyumbani, kifaru kimerudi nyumbani. Likawa ni lugha yao.

Khalid ndiye aliyeona. Marijani alikuwa kainama kupima hatua za boza, Khalid akasema taratibu, "Mjomba, hebu geukia dirishani." Macho yalikuwa ya manjano. Vipimo vikasema ini. Marijani akaamua kutibiwa Dar, karibu na dada yake Sihaba, aliyekuwa akimfuata kuzaliwa. Alimwachia Vedasto ufunguo. Vita vilikuwa katikati.

"Msiguse jeshi langu," alisema mlangoni. "Ni zamu yangu. Nakuja kumalizia."

Nao hawakugusa. Jumapili, saa tisa alasiri kwao ikiwa saa nne asubuhi Dar, walipiga simu ya video. Vedasto alishika simu juu ya meza, Sihaba akashika ya kwake juu ya kitanda cha hospitali. Vita vile vya mezani waliviacha vilivyo, wakacheza vidogo pembeni, juu ya kipande kingine cha kaki. Sihaba akaushika mchezo, akawa anamtangazia kaka yake: "Watatu wamerudi nyumbani. Hawa vijana wako hawana adabu."

Kisha Jumapili moja simu haikupokelewa. Na iliyofuata. Siku ya Alhamisi ujumbe ukaingia kwenye simu ya Vedasto: *Kaka amerudi nyumbani leo. Alhamdulillahi kwa kila hali.*

Vedasto akausoma, akaenda nao moja kwa moja Huanshi Zhonglu, akamwita Khalid. Wakakaa juu ya marobota, simu katikati yao.

"Ametoka hospitali," akasema Khalid. "Angekuwa amefariki, dada angeandika innalillahi."

"Na hiyo 'kwa kila hali'?"

"Husemwa hata mtu akipona."

"Husemwa lini zaidi?"

Khalid akachezea dadu. "Mpigie."

"Mpigie wewe, ni Muislamu mwenzako."

"Ufunguo kaacha kwako."

Kwa muda hawakupiga. Maadamu hawajauliza, Marijani alikuwa yupo. Mwisho Vedasto akabonyeza, akaweka spika.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba, Vedasto."

"Dada, ujumbe wako. Amerudi nyumbani... Nyumbani ipi?"

Sihaba akaelewa alichoandika. Akaanza kucheka, na kicheko kikageuka njiani. "Jamani. Nyumbani Temeke, mdogo wangu. Yupo chumbani kwake, kalala. Hospitali wametuambia tumchukue tu."

Vedasto alishika kichwa kwa furaha. Akamgeukia Khalid amwambie umeona, lakini Khalid alikuwa ameinamisha uso magotini. Yeye alisikia ile sentensi ya mwisho.

"Nani huyo?" ikaja sauti ya Marijani, nyembamba. "Nipe. Profesa, zamu ya nani?"

"Yako, kaka. Tangu uondoke."

"Nionyeshe."

Vedasto akawasha video, akapitisha simu juu ya meza polepole, kilima kwa kilima. Kwenye kioo uso wa Marijani ulikuwa umebaki macho na meno.

"Hao wa kilimani warudishe nyumbani."

"Hakuna aliyewapiga, kaka."

"Najua. Nawarudisha mwenyewe."

Vedasto akawatoa mmoja mmoja. Wa kilimani, wa bondeni, vifaru. Kila akitoa mmoja alimwonyesha kwanza, na Marijani aliitikia kwa kichwa. Likabaki boza.

"Hilo lipeleke kwenu."

"Lako hilo, kaka."

"Mimi nimeshafika. Ninyi ndio mko jangwani bado."

Khalid akainua kichwa, akajilazimisha utani. "Mjomba, ndiyo unasalimu amri hivyo?"

Marijani akakusanya pumzi. "Meiyou, laoban," akasema, akafumba macho, na Sihaba akaichukua simu.

Ujumbe wa Sihaba uliofuata ulikuwa mfupi. *Kaka amefariki alfajiri. Amefariki, Vedasto.* Neno hilo aliliandika mara mbili ili lisije likachanganywa tena. Marijani akazikwa jioni ileile, na aliyewasindikiza wengine wote uwanjani hakuwa na mtu wa Guangzhou wa kumfuata. Khalid alikwenda msikitini kumsalia sala ya ghaibu, ya maiti aliye mbali. Vedasto alimsubiri nje, kando ya viatu.

Jumapili kadhaa zikapita kabla hawajapanga jeshi tena, wawili tu, kila mmoja upande wake. Khalid alirusha dadu, zikaanguka vizuri. Akamtazama yule askari wa Vedasto aliyepigwa, akafungua mdomo, akaufunga. Neno la zamani lilikuwa limekatazwa, na lile jipya lilikuwa na mwenyewe.

Vedasto akanyoosha mkono, akamtoa askari wake bila kusema lolote, akamlaza kwenye boksi. Ndivyo wanavyocheza mpaka leo. Boza liko katikati ya meza, na dereva wake mwenye jinzi, na hakuna anayelilenga.